Dari ya Magunia ya Tumbaku

Juzi nililala nyumba ya wageni pale Cheyo. Mvua kubwa ilinyesha, nami niliisikia kwa mbali tu, maana chumba kilikuwa na dari ya jipsamu. Nikamkumbuka baba kule Urambo, alasiri moja, amesimama juu ya meza akipigilia magunia ya tumbaku chini ya bati la chumba alimolala mama. Ndani yake alishindilia majani makavu. Chumba kizima kilinuka tumbaku.

Nilifurahi sana. Nilidhani tunaanza kuwa na nyumba nzuri.

“Na sebuleni utaweka, baba?”

“Kwanza kwa mama yako.”

“Huyu anataka nyumba ya bwana shamba,” mama alisema kitandani. Alicheka mpaka akakohoa.

Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo mno, na siku zile kila mvua ilipopiga bati, ilimezwa na kelele. Hilo sikulijua. Mvua iliponyesha tena, sebuleni kelele zilikuwa zilezile, lakini chumbani baba aliketi kitandani akainamisha kichwa.

“Haya mama Sele, sema. Sasa nakusikia.”

Nilitumwa nikaangalie uji. Waliongea mpaka mvua ikakatika.

Tulipomaliza matanga, baba aliing’oa dari yote. Nililia, nikamwambia anaharibu nyumba yetu. Mvua ilipokuja, aliketi mle peke yake chini ya bati lile linalonguruma, nami nikadhani anapenda mvua.

Juzi, pale Cheyo, niliamka nikafungua madirisha yote, kelele za mvua ziingie.