Siku Niliyowapatanisha Masanja na Mzaramo

Ngoja nijicheke kwanza mwenyewe, halafu mnicheke nyinyi.

Mimi ni mshauri nasaha hapa Nyahanga, Kahama. Kila Jumamosi naongoza kikundi cha watu walioacha pombe, wengi wao wachimbaji wa dhahabu. Juzi akaja mwanachama mpya, akajitambulisha: Kondo, Mzaramo. Kabla hajakaa, Mzee Masanja, Msukuma mpole kuliko wote pale, akafoka: "Hii maiti nani kaileta?"

"Nimefuata pilau la msiba wako," Kondo akajibu, akamvua mzee kofia na kuivaa yeye.

Nikaona kikundi changu kinavunjika hivi hivi. Nikajitosa katikati kama refa, nikamrudishia mzee kofia, nikawakalisha mbali mbali, nikahubiri heshima mpaka koo likakauka. Wenzao wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Nikajua wanalia.

"Mzee Masanja," nikasema kwa upole, "mweleze mwenzako unavyojisikia."

Mzee akasimama, mkono kifuani. "Najisikia vibaya sana, mshauri. Sanda nimeshanunua, na huyu Mzaramo hataki kufa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Hawa si watani, mshauri?" Mama Neema, mwanachama wa siku nyingi, akauliza huku akifuta machozi. "Msukuma na Mzaramo! Kwani kwenu hamna watani?"

Nikakosa pa kuficha uso. Mimi ni Mpare. Siku ya harusi yangu, watani zangu Wachagga walininadi ukumbini kama mbuzi, na aliyecheka kuliko wote nilikuwa mimi.