Malisho Aliyoyapumzisha Saliha

Saliha binti Jamaldini alizaliwa Unguja, Malindi, akaletwa Omani na mama yake akiwa bado mtoto wa kwenda chuo cha Kurani. Walifikia kwa jamaa zao katika mji wa Ibra, na huko ndiko alikokulia. Alipoposwa na Marhun, mfugaji wa pwani ya nje ya Sur, wanawake wa ukoo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtoto wa mjini akanuke mbuzi! Saliha akaenda, akanuka, akazoea. Marhun alikuwa mtu mpole, hajui neno la Kiswahili, na alimfundisha kumjua mbuzi mgonjwa kwa namna anavyosimama. Alipofariki, ndugu zake walidhani mjane atauza mifugo arudi Ibra. Hakuuza hata ukwato mmoja.

Malisho yao yalianza chini ya vilima yakateremka mpaka ufukweni. Kamati ya malisho ndiyo iliyokuwa ikiwakodisha wafugaji ardhi hiyo, na sehemu ya Marhun ikapita kwa mkewe bila maneno. Sehemu ya pili ilikuwa ya Shaikha, mjane mwenzake, Mwarabu wa hapohapo, mwenye sauti kubwa na mkono wa kutoa. Huko juu majani yalikuwa ya msimu wa mvua tu. Chini, karibu na mchanga, palikuwa na vichaka vya chumvi ambavyo havikauki, na kiangazi mbuzi walivikimbilia kama watoto wanavyokimbilia halua.

Lakini ufukweni hapo ndipo wanapopanda kasa kutaga. Vichaka vikiliwa, mchanga hauna cha kuushika. Upepo unaufagia, mayai yanabaki wazi, mbweha wanakula wanavyotaka. Kila mwaka ufukwe ulizidi kuwa mtupu.

Aliyelileta jambo hilo nyumbani kwa Saliha alikuwa Firas. Mama yake, Hadiya, alikuwa jirani, naye ametoka Unguja. Alijifungua akaugua vibaya, na siku hizo Saliha alikuwa na bintiye Basma kifuani. Akamchukua na mtoto wa Hadiya, akawanyonyesha wote wawili pamoja. Hadiya hakupona. Firas akawa mtoto wa Saliha kwa maziwa, kula na kulala ni kwake, na Kiswahili alikipata jikoni kwa Saliha, Kiswahili cha watoto wa Omani kisichojali ngeli. Alisoma Maskati, akarudi Sur na kazi katika shirika moja la kuhifadhi pwani. Saliha aligawa tende mtaa mzima.

Siku moja akaja adhuhuri, akavua viatu mlangoni, akambusu kichwa.

"Shikamoo, ummi."

"Marhaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko kazini hamli?"

Akala kwanza. Kisha akasema, "Ummi, kasa hii inakufa."

"Kasa hawa wanakufa," Saliha alimsahihisha.

"Hawa wanakufa. Nataka wewe upumzishe pwani. Misimu mitatu tu. Peleka mbuzi Ibra, vichaka vikishika mizizi utarudi, na tutapanga wakati wa kuchunga na wakati wa kasa. Wote mtapata."

Saliha hakuwa mjinga. "Na kamati? Ardhi isiyochungwa wao husema imeachwa. Watampa mwingine."

"Niachie mimi kamati. Nitawaambia hukuacha, umepumzisha. Ardhi yako itakungoja." Akaweka mkono kifuani. "Ahadi, ummi."

Shaikha alikuwepo, ameketi mkekani, hakuelewa hata neno. Firas alipoondoka akauliza kwa Kiarabu, "Kasema nini?"

"Kasema ardhi itatungoja."

"Wewe unamwamini?"

"Nimemnyonyesha."

Shaikha akafikiri kidogo. "Basi na mimi nayaamini maziwa yako."

Wakahamia wote wawili nje ya Ibra, kwenye shamba la kukodi. Mbuzi waliozoea kutembea mchana kutwa wakafungiwa zizini wakila majani ya kununua. Wengine wakaharibu mimba. Saliha akauza bangili zake za arusi, na Shaikha akauza ngamia wa mwisho wa marehemu mumewe, jike mweupe aliyekuwa akimwita kwa jina. Alilia siku ile, lakini hakulaumu. Kila Jumatano waliteremka pamoja kwenye soko la wanawake la Ibra, wakatandika chini samli na jibini zao.

Firas hakuwasahau, au ndivyo walivyoona. Alipeleka picha kwenye simu: vichaka vimefika magotini, kisha vimefika kiunoni, alama za kasa mchangani kama njia ya gari. Saliha alimwonyesha Shaikha kila picha. "Angalia kazi yetu," alikuwa akisema, na kwa kweli moyo wake ulijaa. Usingizini alikuwa akiwaona mbuzi wake wanashuka tena kwenda baharini.

Msimu wa tatu ulipokwisha, wakakodi pikapu, wakapakia mbuzi wachache wa kutangulia, wakashika njia ya Sur. Walicheka njia nzima. Shaikha alikuwa amejitia hina.

Walipofika chini ya vilima wakakuta seng'enge. Ilianza barabarani ikapotea nyuma ya mlima, na katikati pana lango la chuma lenye kufuli. Ndani walikuwa ngamia wa mashindano, wamevikwa matandiko mazuri, wanakula majani ya Saliha. Mlinzi akaja, mtu mstaarabu, akawaamkia.

"Hapa pamekodiwa, mama zangu. Tajiri wangu amepachukua mwaka wa pili huu."

"Kwa nani?" Saliha aliuliza.

"Kwa kamati. Muulizeni ustadh Firas, yeye huja kila mara kuangalia kasa huko chini. Ndiye aliyewapatanisha."

Shaikha alimgeukia Saliha akamtazama, na Saliha akashindwa kuyainua macho yake.

Firas alikuja alipopigiwa simu. Alisimama mbali kidogo na pikapu, ameinamisha kichwa, na Saliha akamwendea.

"Ni kweli?"

"Ummi, nisikilize. Mwaka wa pili kamati walitaka kuitoa ardhi. Nilisema nao, hawakusikia. Tajiri alitaka yote, mpaka majini, ajenge. Nikapatana naye: achukue juu, pwani aniachie kwa kasa, tuweke uzio. Bila hivyo kila kitu kingekwenda."

"Na mimi?"

Firas akachora mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Kwa nini hukuniambia, Firas? Ningekuja mimi mwenyewe kwa kamati. Ningerudisha mbuzi."

"Ndiyo sababu. Ungewarudisha, na vichaka vingekwisha." Akafuta uso. "Ilibidi nichague."

"Ukachagua kutoa changu."

Alilia pale, mtu mzima na ndevu zake, akamshika mkono Saliha akaapa kwamba atakwenda mbele ya kamati aseme ukweli: kwamba wajane hawakuiacha ardhi, walipumzisha kwa neno lake yeye. Saliha akamfuta machozi kwa pembe ya mtandio. Hilo ndilo alilokuja kulijutia baadaye kuliko yote, kwamba alimfuta machozi.

Kamati ilikutana Sur. Mwenyekiti alikuwa mzee aitwaye Ghanim, mtu wa haki, aliyemjua Marhun. Akamsikiliza Saliha mpaka mwisho, akamsikiliza Shaikha, kisha akamgeukia Firas. Nyuma yake, kando ya ukuta, walikuwa wameketi wakubwa wa shirika lake, na yule tajiri aliyekodi.

"Mwanangu, ulimwahidi huyu mama kwamba ardhi yake itamngoja?"

Firas aliwatupia jicho wakubwa wake. Kisha akasema, kwa Kiarabu safi kabisa, "Tulizungumza Kiswahili, sheikh. Mimi Kiswahili changu ni cha nyumbani, kibovu. Nilikusudia kumwambia kwamba nitajaribu. Huenda alinifahamu vingine."

Saliha alisikia feni ikizunguka. Alitaka kusema, lakini maneno yaliyomjia yote yalikuwa ya Kiswahili, na aliyeyajua pale ni mmoja tu.

"Je, yuko aliyesikia?" Ghanim aliuliza.

"Mimi nilikuwepo," Shaikha akasema. "Sikufahamu. Nilitegemea tafsiri ya huyu." Akainuka, akajifunika vizuri, akatoka nje.

Mzee Ghanim alifanya alichoweza. Aliwapatia sehemu ndogo ya malisho bara, upande wa Ibra, mawe mengi na maji ya kuletwa na gari. Saliha aliipokea. Shaikha alikataa, akauza mbuzi wote siku moja, akahamia mji wa Bidbid kwa mwanawe.

Idi iliyofuata Firas alikuja na mkewe na kikapu cha matunda. "Shikamoo, ummi," alisema mlangoni. Saliha alimkaribisha kwa Kiarabu, maneno yote ya heshima anayostahili mgeni, akamketisha barazani, akamletea halua na kahawa kwa mkono wake. Firas alikuwa amezoea kuingia jikoni na kufunua masufuria. Alikunywa finjani moja, akaaga, macho yamemwiva. Basma, aliyekuja kutoka Nizwa kwa sikukuu, alikasirika.

"Mama, ni ndugu yangu yule."

"Ndiye ndugu yako mpaka kufa. Maziwa siwezi kuyarudisha."

"Na hao kasa? Umesikia wameongezeka?"

"Nimesikia. Nimefurahi," Saliha alisema, na ni kweli alifurahi, jambo lililomuudhi. "Wao hawakuniahidi neno lolote."

Alichokuwa hawezi kukivumilia ni Jumatano. Alitandika peke yake sokoni, na wateja walipouliza habari za mwenzake alisema yuko safarini. Mwishowe alichoka kusema uongo. Akachagua majike wanne, wazuri kabisa, wenye maziwa, akawapakia kwenye pikapu mpaka Bidbid. Shaikha alitoka uani, akawatazama mbuzi, akamtazama yeye.

"Hawa wa nini?"

"Wako."

"Huwezi kunilipa, Saliha."

"Najua. Sikuja kulipa. Nimekuja kwa sababu mimi ndiye niliyekutafsiria."

Shaikha hakumwambia karibu. Lakini alifungua lango la ua, akapisha mbuzi wakaingia mmoja mmoja, kisha akaenda kuwatafutia maji.