Kitenge cha Harusi ya Élodie

Victorine alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika nyumba ya Maman Marie-Claire, huko Etterbeek, mtaa wa Brussels, bila mshahara. Alipika, alifua, alilea watoto, akalala kwenye godoro nyuma ya mashine ya kufulia, na pasipoti yake ilifungiwa kabatini. Ukimuuliza Maman Marie-Claire atakuambia huyo si mtumishi, ni mtoto wa nyumbani kutoka Bukavu. Mtoto wa miaka arobaini!

Alipotoroka hatimaye alimshtaki Maman Marie-Claire, akapewa wakili, Inès, binti wa watu wa Lubumbashi, mwenye moyo safi na haraka nyingi. Inès alimsomea katiba: mwaka 1994 Wabelgiji waliongeza humo kwamba kila mtu ana haki ya kuishi maisha yenye heshima ya binadamu. Victorine aliomba asomewe tena. Kila mtu, yaani hata yeye. Alilia, kisha akaona aibu kwa kulia.

"Bon, Maman Victorine," Inès akasema, "banasema haukuikalaka kwabo, ulikuwa unapitaka tu kusalimia. Iko kitu yenye inaonyesha?"

"Iko photo," akajibu mbio. "Ya ndoa ya Élodie."

Élodie ni binti wa nyumba ile. Kwenye picha familia nzima imejipanga mbele ya kanisa, wote wamevaa kitenge kimoja cha buluu kilichonunuliwa kwenye maduka ya Chaussée de Wavre, na kitenge cha namna hiyo hapewi mtu baki. Victorine yumo, mwisho wa mstari. Gauni lake alilishona kwa vipande vilivyobaki kwenye sketi za wengine, baada ya kubembeleza siku tatu apewe, na maungio akayaficha kwenye mikunjo. Picha ilipokwisha alifunga aproni akarudi jikoni kukaanga samaki wa wageni. Huko jikoni nani alimpiga picha?

Inès, mzaliwa wa Brussels, aliitia picha kwenye faili bila kuuliza habari za kitenge. Siku ya kesi wakili wa upande wa pili akageuza maneno. Sawa, aliishi pale. Lakini hebu tazameni nguo. Hakimu akamuuliza Victorine, kupitia mkalimani, kama watumishi huvaa kitenge cha familia.

"Hapana. Ni famille tu."

Na yeye kitambaa alikipata wapi? Maman Marie-Claire alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake, ameinamisha macho. Victorine aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Balinipatia," akasema.

Hukumu ilisema ni msaada wa ndugu kwa ndugu, hakuna aliyemtumikisha. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kimefungamana na kesi, na kesi ilipokufa nacho kikafa. Barua ilimpa siku thelathini aondoke nchini.

Victorine alipokuwa anafunga sanduku, Inès aliliona lile gauni, akaligeuza ndani nje, akahesabu vipande kumi na vinne. Hasira zikamshika.

"Kwa nini haukusema, maman? Kwa nini?"

Victorine alilichukua gauni, akalikunja polepole.

"Ile siku moja tu njo nilikuwaka famille yabo," akasema. "Kama ningesema ni vipande, sasa ningebakia na nini?"