Binti wa Kuhani

Nilipokuwa mtoto kule Witeithie, baba yangu hakuwahi kwenda mazishi ya mtu. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa kuhani katika kanisa letu dogo la mabati, kanisa la vilemba vyeupe, na wazee wa kanisa hilo walishika sheria ya Musa kuhusu wana wa Haruni kana kwamba Haruni mwenyewe alizaliwa Gatundu. Kuhani hakaribii maiti. Haingii nyumba yenye maiti wala hakanyagi kaburi. Akifanya hivyo amepata thahu, ule unajisi ambao nyanya zetu Wakikuyu waliuogopa hata kabla hawajasikia habari za Musa. Na thahu, tuliambiwa, haikai bure. Inaleta ugonjwa na inamaliza mifugo.

Niliyaamini hayo yote mpaka Tata Wairimu alipofariki.

Tata alikuwa dada yake Baba. Aliolewa Murang'a, ndoa ikamshinda, akarudi kwetu na sanduku moja na kikohozi. Baba akampa chumba cha mbao nyuma ya jikoni. Yeye ndiye aliyenisuka. Mama alikuwa na mkono mzito, ukisukwa naye unalala macho wazi, lakini mkono wa Tata hata hukuusikia. Jumamosi moja alinisuka upande wa kushoto, akachoka kazi ikiwa katikati.

"Nitamaliza kesho, Nyambura," akasema. "Funga kitambaa, hakuna mtu ataona."

Kesho yake hakuamka.

Baba alipoambiwa, alichukua kilemba chake na kiti, akatoka nje ya boma. Alikaa upande wa pili wa ua wa miiba ya kayaba, mgongo ukiwa umeelekea nyumba, akatoa maagizo kutoka huko. Sheria, alisema, inamruhusu kuhani kumzika mama yake, baba yake, mke wake, mtoto wake, ndugu yake, na dada ambaye hajaolewa. Wairimu aliolewa. Watafutwe watu wa mume.

Watu wa mume wakatafutwa. Wakajibu kwamba Wairimu alitoka kwao kwa miguu yake mwenyewe, na isitoshe hajawahi kuolewa kwa njia inayotambulika. Mama akaenda mpaka kwenye ua na habari hiyo.

"Wamesema hakuwa ameolewa, Baba Nyambura. Si sasa unaweza kumzika?"

Baba akafikiri sana. "Lakini alishakaa na mwanaume," akasema. "Inahesabika."

Hata leo nikiikumbuka hesabu hiyo nasikia hasira. Kwa Murang'a hakuolewa, kwa Baba aliolewa, na yeye mwenyewe amelala pale kwenye chumba cha mbao bila mtu wa kumchukua. Makuhani wengine wa kanisa letu nao walipita mbali, barabarani, wakimpungia Baba mkono wa pole.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kuingia nikakae naye kidogo. Sijui nilidhani nitafanya nini. Labda nilitaka kumshika ile mikono. Nilikuwa nimefika mlangoni Baba aliponiona kupitia kwenye miiba.

"Nyambura! Usikanyage huko! Wewe ni damu ya kuhani. Ukimgusa utatuletea thahu, hata kuku hawatabaki hapa!"

Nikarudi jikoni na kichwa changu kilichosukwa nusu. Mama ndiye aliyemwosha Tata, akisaidiwa na Mama Mutinda, jirani yetu Mkamba. Mume wa Mama Mutinda, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mananasi, akaja na wenzake wakachimba kaburi kwenye makaburi ya umma. Waliimba nyimbo zao za Kikamba kwa mtu ambaye hawakuwa na undugu naye wowote. Mimi niliachwa nyumbani nilinde moto.

Halafu, kwa bahati mbaya, kuku wakafa. Walianza kusinzia mmoja mmoja, shingo zikapinda, wakaisha. Baba alikuwa amesharudi bomani. Alisimama katikati ya manyoya yale akiwa karibu kufurahi.

"Si niliwaambia?"

"Na kuku za Mama Mutinda?" Mama akauliza. "Na za kule Juja? Zote zimekufa. Dada yako alienda lini kuonana na kuku za Juja?"

Ulikuwa kideri, ugonjwa wa kuku wa kawaida kabisa. Lakini nani angemwambia Baba? Alishinda, na mimi nilikua nikiamini nusu nusu kwamba nilikaribia kuua kuku kwa kusimama tu mlangoni.

Siku hizi mimi ni mpishi katika hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania. Mwaka huu alikuja mgeni mzee, Myahudi mwenye kofia ndogo, akaniuliza kama kwenye njia ya kuteremkia majini kuna kaburi lolote. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia baba yangu ndiye mtu mwingine pekee duniani anayeweza kuuliza swali hilo. Akaniambia kweli yeye ni wa ukoo wa Haruni, na tukaongea mpaka chai yake ikapoa. Alisema kwao kuna maiti mmoja anayeishinda sheria ya usafi, na huyo ni maiti asiye na mtu wa kumzika. Akimkuta njiani, hata kuhani mkuu anajitia unajisi na kumzika kwa mikono yake. Halafu akaongeza, kama jambo dogo, kwamba katazo lenyewe ni la wana wa Haruni. Mabinti halijawahi kuwahusu.

Niliunguza maharagwe mchana huo.

Baba ninaishi naye Mwiki tangu Mama afariki. Huyo Baba alimzika mwenyewe, maana mke ameruhusiwa. Jioni hiyo nilimkuta Baba dirishani, nikamweleza yote kabla hata sijavua viatu.

"Hata kuhani mkuu?" akauliza.

"Hata yeye."

"Lakini Wairimu hakukosa mtu," akasema. "Alikuwa na mama yako."

Ngai! Nilitamani kurusha thamosi. Mtu amesoma sheria maisha yake yote, na kila mara anatokea upande uleule wa ua. Nilienda jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi. Niliporudi, alikuwa bado anatazama nje.

"Makuhani wenzangu hawatanigusa nikifa," akasema. "Ni nani atanifunga kilemba?"

"Mimi, Baba. Binti hayumo kwenye sheria. Hata ile siku ya Tata sikuwemo."

Aliinamisha kichwa kidogo, na nikaona kilemba kimelegea upande wa kulia. Nikakifungua, nikakifunga upya, nikakikaza kuliko inavyohitajika. Hakulalamika, na mimi sikulegeza.