Kisu cha Machungwa na Kobalti Yangu

Mtu akitaja kobalti mbele yangu, hasira inanipanda mpaka leo. Kobalti yenyewe, madini yale, haina kosa, maskini. Nilipokuwa msichana wa kambi ya jeshi ya Mbuya, Kampala, nasoma kemia chuoni, niliipenda kuliko usingizi.

Nieleze kidogo, msinikimbie. Sumaku mnayoijua, ile ya spika ya redio, ni kazi ya umati: chembe zisizohesabika zimeelekea upande mmoja, kila moja inamshikilia jirani yake. Sisi tulitafuta kitu kingine. Unachukua chembe moja ya kobalti, unaizungushia vipande vya kaboni na nitrojeni viishike pande zote, na ukipatia umbo la mshiko huo, molekuli moja inakuwa sumaku peke yake. Moja! Ukiipoza kwa baridi ambayo hata barafu ya Rwenzori ni joto mbele yake, inakumbuka ulikoielekeza na inakataa kugeuka. Baba yangu alikuwa askari, mtu wa kaskazini aliyeingia jeshini baada ya vita vya themanini na sita. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Akasema huyo ni kuruta anayebaki mguu sawa hata afande akishaondoka.

Kuitengeneza niliweza. Kuipima hatukuweza. Mashine ya kupimia inataka heliamu iliyopozwa mpaka ikawa maji, na sisi Kampala hata friji ya maabara ilikuwa inazimika kila umeme ukikatwa. Basi maabara moja ya Ulaya ikakubali kutupimia sampuli moja. Dokta, mwalimu aliyenisimamia, aliniambia waziwazi: majibu yakiwa mazuri, wananichukua nikasome kwao. Nafasi ilikuwa moja tu. Mama alitangaza mstari mzima wa nyumba za askari, kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mtoto yangu nakwenda Ulaya kwa sababu ya sumaku!" Majirani wakaanza kumwita Mama Sumaku, naye akaitika.

Kazi hii ina mwiko mmoja: chuma kisikaribie. Punje ya chuma ambayo jicho haliioni inapiga kelele kwenye mashine mpaka sauti ya kobalti haisikiki. Ndiyo maana nilinunua vijiko vya plastiki soko la Owino, nikaviosha, nikavifungia kwenye kopo. Na aliyenifundisha mwiko huo ni nani? Dokta mwenyewe! Siku ya kwanza kabisa, kwa chaki, ubaoni.

Fuwele za kobalti yangu zikakubali kuganda. Zilikaa chini ya chupa, zambarau, zimeshikamana na kioo. Kabla sijazitoa, baba akafariki. Ilibidi tumsafirishe kwao kaskazini. Nikamwomba Dokta asiziguse, nitazitoa mimi nikirudi.

Niliporudi, macho bado yamevimba, nilimkuta mlangoni mwa maabara anatabasamu.

"Pole sana na msiba, binti. Kazi yako imeshapanda ndege. Nimepata mtu anayekwenda huko, nikampa."

"Umezitoaje, Dokta?"

"Nimekwangua chupa yote. Hata ukoko sikuacha! Walitaka nyingi, nimewapa nyingi."

"Umekwangua kwa kitu gani?"

Akafungua droo akanionyesha. Kilikuwa kile kisu chake cha kumenyea machungwa baada ya chakula cha mchana, ncha yake ina kutu.

Banange! Nikamwambia, "Dokta, si chuma hicho?" Akafunga droo. "Wewe sasa ndiye unayenifundisha mimi?" Nakiri, mzee yule alikuwa amefundisha miaka yote ya vita, wakati ambapo chupa ikivunjika hakuna nyingine na dawa ikimwagika unaikusanya sakafuni. Njaa ile ya vifaa ilimkaa mwilini, asingeweza kuona kitu kimeganda kwenye chupa akakiacha. Namwelewa. Lakini kumwelewa si kumsamehe, na mimi sijamsamehe.

Nilishuka mjini, Nakivubo, kwa Mkenya mmoja aliyekuwa anauza spika kuukuu. Nikamwomba sumaku yenye nguvu.

"Ya kazi gani, dada? Ya kuvuta mchumba?"

"Ya kuvuta ukweli," nikamjibu vibaya. Mtu wa watu akanichagulia iliyo nzuri.

Dokta alikuwa amebakiza kwenye kichupa unga kidogo wa ule aliokwangua. Nikaumwaga juu ya karatasi nyeupe mezani kwake, yeye mwenyewe ameketi hapo, nikapitisha sumaku chini ya karatasi. Unga wa zambarau ulitulia. Katikati yake vikasimama vinywele vyeusi, vikaanza kutembea vikifuata mkono wangu. Tukavitazama wote wawili. Nikamwomba awaarifu haraka kabla hawajapima, nitengeneze nyingine. Akapuliza karatasi, vyote vikaanguka sakafuni, akasema nimechoka kwa msiba, niende nyumbani nikapumzike.

Majibu yalikuja kwa simu. Nilikuwa nimesimama pale pale ofisini, kwa hiyo nilisikia upande wake wote. Kwanza alisema ndiyo, ndiyo, chuma, ndiyo, akainamisha kichwa. Halafu akanitazama usoni, wallahi, akasema kwa Kiingereza safi kwamba mwanafunzi wake hakuwa mwangalifu. Kwamba wawavumilie watoto wa kambini, mikono yao imezoea bunduki. Nikasikia huko upande wa pili wanacheka, naye akacheka. Sumaku ya spika ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilitamani kumtupia.

Nafasi ikaenda kwa mwingine. Kazi ya kuandika ripoti nilimalizia kwa kobalti ya kawaida isiyokumbuka chochote, nikapewa shahada, nikaenda kufundisha sekondari.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Nyumbani nilimweleza mama kila kitu: kisu, kutu, vinywele vyeusi, simu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu iko na digrii tatu," akasema. "Wewe iko na mdomo tu. Mwalimu naweza aribu kazi ya mtoto yake kwa nini?"

"Mama, nimeona kwa macho yangu!"

"Umeona kwa machozi."

Asubuhi nilipoamka hakuwepo, na jogoo wa baba hakuwepo. Baba alimlea jogoo yule tangu kifaranga, nyuma ya nyumba, na tangu mazishi hakuna aliyethubutu kumgusa. Mama alikuwa amemfunga miguu, amemtia kikapuni, amevaa gomesi yake ya kanisani na kumpelekea Dokta nyumbani kwake. Alipiga magoti mlangoni, alinisimulia mwenyewe kwa fahari, akamwomba radhi kwa niaba yangu.

Alirudi mchana na kikapu kitupu, uso ukimng'aa.

"Amepokea," akasema. "Amesema alishakusamehe zamani."

Mama amezeeka sasa. Krismasi ikikaribia, bado ananiuliza kama nimempigia Dokta simu kumshukuru.