Mama Amekatazwa Kuongea

Kanisani kwetu Kitengela, sauti ya kukwaruza ilikuwa cheo. Pastor alikuwa nayo: akisema "Bwana asifiwe" ungedhani mtu anaburuta mabati kwenye changarawe. Watu walisema huo ni upako, ametumiwa mpaka koo limechakaa. Kwa hivyo sauti ya Mama ilipoanza kukwaruza, hakuna aliyempeleka hospitali. Walimpeleka mbele, wakamtia kwenye kikundi cha maombezi.

Mimi nilijua ukweli kwa sababu niliishi naye. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mwaka ule serikali ilikuwa imetangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Watoto walikuja hata wale ambao juzi tu walikuwa nyuma ya mbuzi. Walijazana kwa madawati, wengine wakaketi sakafuni, wengine wakatua dirishani kama kuku. Juu yao paa la mabati, na upepo wa Kitengela hauna adabu na mabati. Nje, malori ya barabara ya Namanga yanabadilisha gia. Mama alifundisha a, e, i, o, u akiwa juu ya kelele hizo zote, halafu anakuja nyumbani kunifokea mimi, kazi ambayo peke yake ingemaliza koo la fahali.

Asubuhi moja akafungua mdomo kuniamsha nikajiandae shule, ikatoka pumzi tu, kama tairi lililotobolewa. Nilishukuru Mungu nikageuka upande wa pili.

Lakini jioni alirudi macho yamevimba. Headmaster alikuwa amemwambia, "Madam, darasa la kwanza linataka mtu wa kusikika. Sauti isiporudi, muhula ujao utakaa store, uwe unapeana vitabu." Nilijua maana yake. Mama aliwapenda wale watoto wenye makamasi kuliko sisi watu wa damu yake. Alikaa jikoni akilia, na kilio kisicho na sauti kinatisha, sijui kama umewahi kukiona.

Ndipo tukaenda Nairobi. Daktari wa kwanza alimpitishia kamera kooni, akatutuma kwa dada mmoja wa tiba ya sauti, aliyeongea polepole kama mtu anayemimina uji kikombeni.

"Mama," akasema, "kooni una nyuzi mbili zinazogongana ukiongea. Zako zimeota sugu, kama mkono wa mtu wa jembe. Tukizipumzisha, na ujifunze kutumia pumzi ya tumbo, zitalainika. Ukiendelea kupiga kelele, itabidi upasuaji, na hapo mimi sikuahidi utarudi darasani."

Basi amri ikawa: wiki mbili nyumbani, bila neno.

"Hata kunong'ona?" nikauliza.

"Kunong'ona pia kunachosha koo."

"Na akikasirika?"

Yule dada akanitazama kutoka viatu mpaka nywele, kisha akamgeukia Mama. "Huyu ndiye?"

Mama akatikisa kichwa kwamba ndiye.

Sauti pekee aliyoruhusiwa ilikuwa ya mazoezi mawili. La kwanza, kuvumisha sauti ndogo ndani ya mrija wa soda ulioingizwa kwenye glasi ya maji, mpaka maji yachemke bila moto. La pili, kutetemesha midomo, brrrr, kama mtoto anayeendesha gari la waya. Hili la pili Mama alilifanyia uani alfajiri, saa ambayo wauza maji walikuwa wanapita na mikokoteni ya punda. Punda wa Kitengela akisikia brrrr anajua ameambiwa asimame. Alisimama. Aliye nyuma yake akasimama. Nilipotoka kwenda shule nilikuta foleni kwenye gate letu, na mwenye punda akibembeleza mnyama huku akiuliza ni nani huyo anamharibia kazi.

"Ni mwalimu," nikamwambia. "Anafundisha punda. Elimu ni bure."

Kuandika Mama alikataa. Alinionyesha kwa mikono kwamba ameshika chaki miaka yote hiyo, inatosha. Kwa hivyo nikawa mdomo wake. Shida ni kwamba sauti yangu nayo ilikuwa inavunjika miezi hiyo. Nilikuwa naanza sentensi kama baba wa watu na kuimaliza kama kifaranga. Tena nilikuwa mkalimani wa kujitolea mno. Mama akionyesha unga dukani, mimi namwambia muuzaji, "Anasema unga, na mandazi ya huyu kijana wake anayejituma." Mama alinifinya mpaka nikaongea kwa ile sauti ya kifaranga bila kuvunjika hata kidogo.

Ugumu wenyewe ulikuwa salamu. Bibi wa Kimaasai aliyetuletea maziwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, alifika kila asubuhi na kusema "Takwenya!" Mwanamke akisalimiwa hivyo anajibu "Iko!", na maziwa hayamiminwi kabla ya hapo. Mama alipunga mkono tu. Koko akakaa na kibuyu chake kiunoni, akinitazama.

"Mama yako amenikasirikia?"

"Hapana, Koko. Daktari amemkataza kuongea."

"Daktari gani anakataza salamu?"

Akafikiri sana, maziwa yamekwama. Mwishowe akasema, "Basi yeye ni mtoto mpaka apone." Akamwita Mama kwa kidole. Kwa Wamaasai mtoto hajibu chochote. Anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Na mwalimu mzima wa serikali akainama pale kwenye gate kila asubuhi, akaguswa kichwa, akapewa maziwa. Mimi nilichukua hatua mbili nyuma ili nicheke vizuri.

Kanisa halikuwa na akili ya Koko. Jumapili Pastor akaguruma, "Bwana asifiwe!" na watu wote wakaitika "Amen!" isipokuwa Mama. Akina mama wa maombezi wakatazamana. Akarudia, Mama akapunga mkono. Kufika wakati wa matangazo, ilikuwa imeshaamuliwa kwamba Mwalimu ameingiwa na pepo la ububu. Wakamshika mikono, wakampeleka mbele.

"Pepo, mwachie mtumishi!" Pastor akakwaruza ndani ya maiki. "Mama Mwalimu, sema Amen! Neno moja tu!"

Watu wakasubiri. Niliona jasho likimtoka Mama. Neno moja, na kanisa lingelipuka kwa vigelegele, na yeye angerudi kuketi kwa heshima. Midomo yake ikaanza kuachana. Nikajua itatoka kwa kelele, maana Mama hajawahi kusema Amen ya kawaida, na ile store ya vitabu nikaiona mlango wazi.

Nikaruka viti. "Pastor, ngoja!" Nilianza kwa besi. "Daktari amesema..." na hapo nikaenda juu kama filimbi, "...asiongee!"

"Wawili!" mama mmoja akapiga kelele nyuma yangu. "Wako wawili!"

Mikono ikanishukia kichwani. Nikapayuka chini ya mikono hiyo: nyuzi, sugu, mrija, pumzi ya tumbo, yote kwa sauti mbili zinazopokezana. Pole pole mikono ikapungua. Pastor akaiweka maiki kando, akainama kwangu.

"Hizo sugu," akauliza chini chini, "mtu anajuaje kama anazo?"

"Anakwaruza kama wewe, Pastor."

Alinyooka. Akakohoa, akajishika koo. Kisha akatangaza kwamba leo maombi yatakuwa ya kimya. Tangu kanisa hilo lijengwe, ilikuwa mara ya kwanza kusikia mbuzi wa jirani katikati ya ibada. Mama alirudi kitini mdomo umefungwa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alinishika mkono bila kunifinya.

Siku ya kurudi Nairobi ilipofika, Mama hakugusa chai. Yule dada alimkalisha wima, akamwekea mkono juu ya tumbo. "Pumua. Sasa sema chochote, taratibu, usisukume."

Mama aliangalia huku na huku, nikaona anaogopa kufungua mlango akute nyumba tupu. Macho yake yakanifikia mimi pale kwenye kiti.

"Ingiza shati," akasema.

Ilikuwa sauti nyembamba, lakini haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Vizuri!" yule dada akasema. "Tena, kutoka tumboni."

"Ingiza shati ndani ya suruali."

"Safi. Ongeza pumzi, refusha."

"Ingiza shati ndani ya suruali, na utoe miguu kwa kiti cha wenyewe."

"Hiyo ndiyo sauti ya darasani, Mama. Hivyo hivyo."

Nilishusha miguu. Nikaingiza shati. Halafu, yule dada alipogeuka, nikalichomoa tena taratibu upande mmoja, ili Mama aendelee.