Saa ya Mulongo

Keti kidogo unisikilize, wewe uliyekulia Panda kama mimi. Tulipokuwa wadogo, alfajiri watoto wote wa kambi ya wafanyakazi walikuwa tayari kwenye robine moja, bomba letu la pekee, bidoni ya kutekea maji mkononi, miguu ikiganda kwa baridi ya mwezi wa sita. Maji yalitoka membamba kama uzi. Tuliimba, tulipigana makonzi, tuliota moto wa magunzi ya mahindi, kisha tukafika shule tukinuka moshi na kusinzia. Mchana robine ileile ilikaa bila mtu.

Siku moja ugomvi wetu ulimwaga karai la Mama Kapinga, jirani yetu muuza vitumbua. Alipandisha sauti kambi nzima ikasikia: "Munakuya wote asubuyi, juu ya nini? Mayi inaolewa?"

Siku ileile akina mama wakagawana zamu: safu hii ya nyumba asubuhi, ile mchana, nyingine jioni. Mama yangu alinung'unika kwamba tutakuta maji yameisha. Hayakuisha. Nikaonja usingizi wa asubuhi, mtamu kuliko bukari, ugali wetu wa moto.

Sasa napanga saa za kliniki ya wajawazito hospitalini. Ni hesabu isiyotisha: wakunga ni wangapi, kila mama huchukua muda gani, nani huenda asije. Kompyuta huigiza siku nyingi za kubuni, ikatafuta namna ya kuwatawanya wamama ili yeyote asingoje sana.

Lakini leo nimekuta mabenchi yamejaa kabla ya jua. Bea, mdogo wangu, amesimama ukutani na mimba yake ya miezi minane, miguu imevimba.

"Bea, sikukupa saa ine?"

"Eh yaya," akaniita mimi mkubwa wake, "ile ni saa ya kompyuta. Huku tuko na saa ya mulongo!"

Mulongo mzima, yaani foleni yote, ulicheka. Mimi nilichoka hata kucheka. Muuguzi mkuu ameshasema: msongamano ukiendelea mwezi huu, tunarudia desturi ya zamani, wote waje alfajiri. Bea atasimama hivyo mpaka azae.

Vijana wa leo simu ikiwaambia mvua itanyesha, wanaanua nguo jua likiwaka. Saa yao ya kliniki hawaiamini. Sisi hatukuwa na saa ukutani, ila jirani akisema "zamu yako ni mchana," tulilala.

Basi, ukipewa saa nne, kunywa chai kwanza, uje saa nne.